Niliposema Klabu Imekataa

Dada yangu ndiye aliyenifundisha gofu, na ningependa hilo lijulikane kwanza.

Alikuwa muuguzi katika hospitali moja mjini Machakos. Daktari mmoja aliyekuwa akihama alimwachia mfuko wa fimbo kuukuu, na badala ya kuzitupa stoo, alizipangusa moja moja akaanza kwenda nazo uwanjani asubuhi kabla ya zamu yake. Wakati huo wanawake waliocheza pale walikuwa wachache, na wengi wao walikuja na waume zao. Yeye alienda peke yake. Miaka kadhaa baadaye nilistaafu ualimu mapema, na mwaka uleule nikafiwa na mume wangu. Dada alikuja nyumbani siku moja akanikuta nimekaa mbele ya televisheni ambayo haikuwa imewashwa, akaniambia nivae viatu vya raba tutoke.

Uwanja wenyewe ni mdogo, wa mashimo tisa, nje kidogo ya mji. Mvua ikikosa, nyasi zake hukauka zikawa rangi ya mkate, isipokuwa kwenye grini, zile sehemu laini zenye bendera, ambazo humwagiliwa maji. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mchezaji mbaya kupita kiasi. Nilipiga hewa, nilipiga udongo, nilipoteza mipira kwenye vichaka. Watu waliokuwa nyuma yetu walisimama wakashika viuno. Dada hakunikemea hata mara moja. Aliwapungia mkono wapite, akageuka kwangu akasema, "Jaribu tena, mwalimu. Uwanja hauendi mahali." Ameniita mwalimu tangu nilipohitimu chuoni, na mimi namwita dada, kwa kuwa ni mkubwa wangu kwa miaka saba.

Kisha tukawa kikundi cha wanawake wanne, tukicheza kila Jumamosi. Wengine wawili walikuwa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika mji wa Tala na jirani yangu aliyewahi kufanya kazi benki. Tulikuwa na kikundi chetu cha WhatsApp. Baada ya kucheza tulikaa kwenye veranda ya klabu tukala viazi, na dada ndiye aliyetuchekesha.

Alikuwa na kisukari, kama mama yetu. Yeye aliyewaonya wagonjwa kila siku wachunguze nyayo zao alipata kidonda kwenye kidole cha mguu, akakifunga mwenyewe, akaendelea na kazi. Madaktari walipokiangalia vizuri, uozo ulikuwa umepanda. Wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Nililala naye hospitalini wiki mbili kwenye kiti, na sijidai kwa hilo. Nalisema ili msomaji ajue kwamba sikuwa ndugu mbaya kwa kila jambo. Nilimwosha. Nilimpikia muthokoi laini, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bila chumvi nyingi. Alipopata mguu wa bandia, mimi ndiye niliyemshika mkono akitembea kutoka jikoni hadi kwenye geti.

Baada ya miezi kama minane akasema yuko tayari kurudi uwanjani.

Tulienda Jumamosi, sote wanne. Alivaa sketi ndefu kwa sababu suruali ilimbana kwenye kiungo cha ule mguu. Mzee wa kibanda, anayeandikisha wachezaji karibu na shimo la kwanza, alitoka nje kabisa kumsalimia akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mpira wake wa kwanza ulikwenda mbali kuliko wangu, tukapiga makofi. Lakini kutembea kulikuwa kugumu. Ardhi ya gofu si sakafu. Inapanda, inashuka, ina mashimo ya fuko. Kila tuliposimama kumngoja nilihisi macho mgongoni. Nyuma yetu walikuwa wanaume wanne, mmoja wao akiwa katika kamati ya klabu. Walisimama tu, na mmoja akawa anatazama saa.

Kwenye mteremko wa shimo la tatu ule mguu wa bandia uliteleza, dada akaanguka ubavu. Sketi ikapanda. Kiungo kilionekana chote, mikanda, soksi ya kigutu, kila kitu. Mama wa Tala alitupa mfuko wake akamkimbilia. Jirani yangu pia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi, hatua kumi hivi, na kilichonijia ni kuangalia wale wanaume kama wameona. Walikuwa wameona. Nikageuka nikaingia kwenye kichaka, nikainama, nikajifanya natafuta mpira. Mpira wangu ulikuwa kwenye nyasi wazi, na kila mtu aliuona.

Nilipotoka kichakani dada alikuwa amesimama, anajipangusa, anacheka. Alisema amepima mteremko kwa makalio. Tukacheza shimo moja zaidi, tukaacha.

Kwenye gari akaniuliza, "Jumamosi ijayo tuje mapema kidogo, ama?"

Nikamwambia tutaona.

Sasa, mwaka ule nilikuwa nimependekezwa kuwa nahodha wa wanawake klabuni. Si cheo kikubwa. Unasoma matokeo, unakabidhi vikombe, jina lako linaandikwa kwenye ubao wa mbao ukutani. Lakini nilikitaka. Nilikuwa mjane, mwalimu mstaafu, watoto wangu wako mbali, na pale watu walinisikiliza nilipoongea. Nilijiambia kwamba kikundi kinachochelewesha wengine hakiwezi kutoa nahodha. Nilijiambia pia kwamba dada atajiumiza. Hili la pili nililikariri mpaka nikakaribia kuliamini.

Katikati ya wiki nikampigia simu. Nikasema nimezungumza na klabu kuhusu mguu wake. Nikasema wamekataa, kwamba ule mguu wa bandia unatoboa grini, na kigari cha kubebea wachezaji hakiruhusiwi kutoka nje ya njia. Akauliza ni nani amesema. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema ni mzee wa kibanda, ametumwa na ofisi.

"Yule mzee?" akasema.

"Yule. Alisikitika sana kusema, dada. Usimlaumu."

Sikuwa nimezungumza na mtu yeyote klabuni. Grini zile hukatwa na mashine inayozidi uzito wa watu wawili, wala haitoboi kitu.

Wale wenzetu wawili waliponiuliza, nikawaambia dada amechoka, gofu imemtoka moyoni, na tusimsumbue kwa sababu akiulizwa anaumia. Wakaheshimu hilo. Polepole wakaacha kumwandikia. Yeye akaona kikundi cha WhatsApp kimekuwa kimya, kwa kuwa mimi nilikuwa nimefungua kingine cha watatu, nikadhani nimepanga mambo vizuri. Nilichaguliwa nahodha. Jina langu likaandikwa ukutani kwa rangi ya dhahabu.

Hali hiyo iliendelea mwaka mzima na kitu. Jumapili nilimpitia tukaenda kanisani. Hakuuliza habari za gofu. Mara moja tu, nilipokuwa nimevaa kofia ya klabu bila kufikiri, aliitazama akaniuliza nyasi zikoje. Nikasema zimekauka. Siku hiyohiyo niliona mfuko wake wa fimbo nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, umefunikwa leso.

Ukweli ulitoka kwa njia rahisi kabisa. Dada alikwenda Tala kununua bawaba za mlango, akaingia katika duka la mwenzetu. Yule mama akamkumbatia akamwambia tumekukosa, lakini tumeelewa kwamba hutaki tena. Dada akamuuliza nani amesema hataki. Hayo niliyasikia baadaye kutoka kwa mama wa Tala mwenyewe. Dada hakunipigia simu. Alirudi nyumbani, na siku ya pili akachukua teksi hadi klabuni, akaomba kuonana na meneja.

Meneja akanipigia simu niende ofisini, kwa kuwa nilikuwa nahodha wa wanawake. Alikuwa mtu wa Kangundo, mpole, mwenye sauti ya chini, na sikujua kinachoningoja. Nilidhani ni habari za vikombe. Nilipofungua mlango wa ofisi nikamkuta dada kwenye kiti karibu na dirisha, fimbo yake ya kutembelea mapajani. Mzee wa kibanda alikuwa amesimama kando ya kabati na kofia mkononi.

Meneja alieleza taratibu. Alisema mama huyu ameambiwa kwamba haruhusiwi kucheza hapa kwa sababu ya mguu. Alisema klabu haijawahi kutoa amri kama hiyo, na kama kuna mfanyakazi aliyetamka hivyo, basi ni kosa kubwa na yeye anataka kulijua. Halafu akamgeukia mzee.

Mzee akasema hakumbuki kusema neno kama hilo. Meneja akamuuliza kama ana hakika. Mzee akatazama chini, akaikunja kofia. Alikuwa na zaidi ya miaka thelathini pale; alianza akiwa kedi, mbeba mifuko, miguu mitupu.

"Sikumbuki," akasema tena. "Lakini kama niliteleza nikasema, mama, nisamehe. Mimi sikuwa na nia mbaya na wewe."

Dada akasema, "Mzee, wewe hukunikosea."

Kisha akanigeukia mimi. Hakukunja uso. Alingoja tu, kama alivyokuwa akingoja nipige mpira mwaka ule wa kwanza. Meneja naye akanitazama kwa sababu dada ananitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu. Niliyasikia kichwani, yamejipanga. Nje mtu alikuwa anavuta bomba la maji juu ya saruji. Sikusema.

Dada akashusha pumzi. "Basi nilisikia vibaya," akamwambia meneja. "Nilikuwa mgonjwa, pengine nilichanganya maneno. Tuachane na hayo. Nataka tu kujua kama naweza kucheza."

Meneja akasema anaweza hata kesho.

Nilimrudisha nyumbani kwa gari langu. Kwenye geti lake nilizima injini, nikaanza kuomba msamaha, nikilia. Akanishika mkono wa kwenye usukani akautoa pale kama anavyomtoa mgonjwa sindano.

"Ungeniambia unaona aibu kutembea na mimi," akasema. "Ningeumia, lakini ningeelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa naona aibu. Wewe ulinifanya niamini kwamba mahali pote pamenikataa. Mwaka mzima nimekuwa nikipita barabara ile nikiangalia upande mwingine."

Nikasema sijui kwa nini nilifanya vile.

"Unajua," akasema. "Na yule mzee utamwambia wewe. Mimi siwezi kukufanyia hiyo."

Nilikaa siku tatu kabla ya kwenda. Nilimkuta kibandani asubuhi, anaandika majina. Nikamwambia kila kitu nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa, au pengine hakukuwa na kiti cha pili; sikumbuki. Nilitarajia hasira. Alisikiliza, kalamu ikiwa hewani, akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

"Nilimwambia mke wangu nimezeeka," akasema. "Nilimwambia, naanza kusema maneno halafu nayasahau. Baba yangu alianza hivyo hivyo. Siku tatu sijalala vizuri, mwalimu."

Nikasema nisamehe. Akaitikia kwa kichwa, akaandika jina la mtu aliyekuwa amefika nyuma yangu. Kisha nikaenda kwa meneja nikamwambia pia, nikaacha unahodha. Meneja alipokea barua yangu bila kunisihi nibaki. Jina lilibaki ukutani, kwani limeandikwa kwa rangi, na kila ninapoenda chooni napita chini yake.

Dada hakurudi kwenye kikundi chetu. Alirudi uwanjani. Meneja alimwomba amtembeze na kumwonyesha ni wapi panapomshinda, na nasikia walichukua asubuhi nzima, yeye, meneja na mzee wa kibanda akiandika. Mengi yalikuwa mambo ambayo mimi nilipita juu yake kila Jumamosi bila kuyaona. Ngazi za kupandia mahali pa kuanzia shimo la nne hazikuwa na kitu cha kushika. Mlango wa choo cha wanawake ulifunguka kwa ndani, mtu mwenye mkongojo asingeweza kuufunga. Mteremko wa shimo la tatu ulihitaji njia ya kuzunguka. Kigari kilikuwa kinaachwa mbali na grini kwa mazoea tu, hakuna aliyekumbuka sababu.

Wakatia bomba la chuma kwenye ngazi. Wakageuza mlango. Wakatengeneza njia ya changarawe kuzunguka mteremko. Kwenye kibanda wakabandika tangazo kwamba anayehitaji muda zaidi aseme, apewe nafasi, na walio nyuma wapite. Hakuna lililokuwa gumu. Nafikiri hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kama ningeuliza kweli, siku ile niliyosema nimeuliza, yote hayo yangefanywa kwa miezi miwili.

Baada ya muda watu wengine walianza kuja. Kuna fundi wa redio anayetumia kiti cha magurudumu. Dada alikutana naye kwenye kliniki ya miguu akamwambia aje ajaribu. Sasa wanacheza pamoja Alhamisi, na mama wa Tala huungana nao akifunga duka mapema. Walipoanza, mimi sikualikwa, na sikuuliza.

Mwezi wa kumi na mbili tulikutana nyumbani kwa kaka yetu, kule Kalama, familia yote, mbuzi amechinjwa. Kabla ya kula kaka alisimama kuomba, na katika maombi akamshukuru Mungu kwa ajili yangu, kwamba nimemshika dada yetu mkono mpaka amerudi kwenye mchezo wake. Watu wakasema amina kwa nguvu. Shemeji akanipigia makofi. Nilimtazama dada. Alikuwa anapakua chakula cha wajukuu, uso haukuonyesha kitu. Hakuwa amemwambia mtu hata mmoja.

Sikuweza kuivumilia ile amina. Nikasimama nikasema si kweli. Nikawaeleza yote, la simu, la mzee, la kichakani, mbele ya watoto na mbele ya pasta wa kaka. Nilipomaliza, hakuna aliyejua pa kutazama. Kaka akakaa chini. Shangazi mmoja akaanza kulia, akaenda kumkumbatia dada, akimwita maskini, maskini mwanangu, na wengine wawili wakamfuata. Kwa nusu saa wakamshikashika, wakamuuliza kama mguu unauma, wakamletea mto wa kuegemea ambao hakuuomba.

Jioni nilimkuta dada ameketi nje peke yake, anabadilisha soksi ya kigutu. Nikakaa karibu naye. Nilidhani angalau kwa hili atanipa mkono.

"Umejisikia vizuri sasa?" akaniuliza.

Nikasema kidogo.

"Nilikuwa nimekuja hapa kama mtu anayecheza gofu," akasema. "Ulikuwa mwaka wa kwanza ambao hawakuniuliza habari za mguu. Walikuwa wananiuliza mpira unaenda umbali gani. Sasa mimi ni maskini tena." Akavuta soksi ikakaza. "Ungeniuliza kwanza, mwalimu."

Nilikuwa nimemfanyia jambo lilelile mara mbili, mara moja kwa uongo na mara moja kwa ukweli, na mara zote mbili nilikuwa nikijishughulikia mwenyewe.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, fundi wa redio alisafiri, na dada akanitumia ujumbe mfupi akisema wamepungukiwa mtu mmoja. Nilienda. Nilifika kabla ya wengine nikajiandikisha. Mzee alinisalimia vizuri, ingawa hatoki tena kibandani kunishika mkono. Tulicheza mashimo sita. Sikumsaidia dada mahali popote isipokuwa aliponiambia, na aliniambia mara moja tu, nimshikie fimbo akifunga kamba ya kiatu. Tulipomaliza akahesabu mapigo, akanishinda kwa manne, akasema Alhamisi inayofuata fundi atakuwa amerudi.

Nikasema sawa, dada. Nikapakia mfuko wangu kwenye gari, na nilipoondoka nikawaona yeye na mama wa Tala wamekaa kwenye veranda wameagiza viazi.